Metali Ndani ya Plastiki Inayooza

Plastiki inayooza husifiwa kwa mahindi au miwa iliyoizaa, lakini metali iliyoiunda haitajwi, ingawa ndiyo inayobaki plastiki yenyewe ikishamalizika. Chukua polilaktidi. Bakteria huchachusha sukari ikawa asidi ya laktiki, kisha molekuli mbili za asidi hiyo huunganishwa kuwa pete iitwayo laktidi. Pete hiyo haifunguki upesi bila kianzilishi, yaani atomu ya metali iliyozungukwa na vikundi vya kikaboni, kimoja kikiwa na oksijeni iliyo tayari kushambulia. Metali huivuta oksijeni ya laktidi, kifungo hulegea, pete hufunguka na kupachikwa baina ya metali na mnyororo unaokua wa polilaktidi. Nyingine hufuata palepale, mamia kwa mamia.

Viwandani kazi hiyo hufanywa hasa na oktoati ya bati, wala si kwa uzembe: hupatikana kwa urahisi, hustahimili joto la nyuzi 180, na Marekani imeiruhusu kwa vifaa vinavyogusa chakula. Watetezi wake husema mabaki yake ni machache mno. Kwa kikombe kimoja, ni kweli. Ila plastiki hii imekusudiwa kurudi udongoni, mwaka baada ya mwaka, na bati haliozi. Isitoshe, mabaki hayo hukata minyororo plastiki inapopashwa moto upya kiwandani. Zinki, ambayo vimeng'enya vya miili yetu huihitaji, naiona kuwa chaguo la busara zaidi.

Pingamizi zito ni kwamba changamano za zinki, yaani zinki pamoja na vikundi vinavyoizunguka, huharibiwa na unyevu. Mwaka 1999 kundi la Geoffrey Coates, Chuo Kikuu cha Cornell, lilionyesha kuwa zinki ikishikwa na kikundi kinachofaa hupanga kwa zamu laktidi za kushoto na za kulia, zilizo kama taswira za kioo,, lakini katika maabara safi mno. Tangu hapo Sonja Herres-Pawlis na wenzake huko Aachen, Ujerumani, wameunda changamano za zinki na vikundi vya guanidini zinazofanya kazi ndani ya laktidi isiyosafishwa, kwenye nyuzi 150. Udhaifu basi haukuwa wa zinki. Ulikuwa wa vikundi vinavyoizunguka.

Wapo wanaokumbusha kwamba polilaktidi huhitaji mboji yenye joto la nyuzi karibu 60, na kwamba baharini hudumu miaka. Siwapingi, kubadili metali hakuondoi tatizo hilo. Lakini changamano nyingi za aina hii hufungua pia pete za kaprolaktoni, ambayo polima yake huliwa na vijidudu vya udongoni hata pasipo joto kali, na pete hizo mbili zikiunganishwa katika mnyororo mmoja, mkemia hupata nafasi ya kurekebisha kasi ya kuoza.