Fikra Chanya na Tumaini Lenye Nafasi ya Machozi

Mafundisho ya kufikiri chanya, yaani imani kwamba mawazo mema yanayorudiwarudiwa akilini na kutamkwa kwa kinywa huzaa afya, mali na furaha, yamezoeleka mno katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki, kiasi kwamba waumini wengi huyahesabu kuwa sehemu ya Injili yenyewe. Chimbuko lake, hata hivyo, ni Marekani ya karne ya 19, ambako Phineas Quimby (1802–1866), fundi wa saa wa mji wa Belfast katika jimbo la Maine, alifundisha kwamba ugonjwa hutokana na imani potofu, na kwamba mtu akiirekebisha imani hiyo mwili nao hupona. Kutokana na mawazo yake lilikua vuguvugu lililokuja kuitwa Fikra Mpya.

Mwelekeo uliochukuliwa na vuguvugu hilo unastahili kutazamwa kwa makini. Falsafa ya uyakinifu, inayodai kwamba hakuna kitu nje ya maada, si sawa na tabia ya mtu kuipima thamani yake kwa vitu alivyo navyo, ingawa mara nyingi mambo hayo mawili huchanganywa. Fikra Mpya ilizaliwa ikiipinga ile falsafa, kwani ilisisitiza kwamba akili ndiyo inayoitawala maada. Lakini kufikia mwaka 1910, Wallace Wattles alipochapisha kitabu chake kuhusu sayansi ya kutajirika, nguvu ile ile ya akili iliyosemekana kuushinda ulimwengu wa vitu ilikuwa imekwisha kuajiriwa kuvitafuta vitu.

Ndani ya kanisa mawazo hayo yalipita njia zaidi ya moja. Norman Vincent Peale, mchungaji wa kanisa la Marble Collegiate jijini New York tangu 1932, aliyasambaza kwa kitabu chake cha mwaka 1952 kuhusu nguvu ya kufikiri chanya, huku mhubiri E. W. Kenyon (1867–1948), ambaye wanahistoria bado wanajadiliana ni kiasi gani alichota kutoka Fikra Mpya, akifundisha kwamba muumini hupata kile anachokikiri. Kenneth Hagin aliyaendeleza mafundisho ya Kenyon, na mwaka 1974 alifungua chuo cha Rhema huko Oklahoma. Kwa vitabu, kanda, mikutano ya hadhara na televisheni, lugha ya kukiri ushindi na kupanda mbegu, yaani kutoa sadaka kwa kutarajia baraka, ikafika hadi vijijini.

Mvuto wa lugha hiyo si wa kudharauliwa, kwa kuwa anayeifuata mara nyingi ni mzazi aliyekosa ada ya shule, mgonjwa aliyekata tamaa ya hospitali au kijana aliyezunguka na vyeti vyake bila kupata kazi. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika ibada ya hadhara walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako, na kuwaita watu hao wajinga kungekuwa ukatili. Wanateolojia wa Kiafrika wa vuguvugu la kiinjili la Lausanne, waliokutana Akropong nchini Ghana mwaka 2008 na 2009, walikiri kwamba injili ya mafanikio, kama mafundisho haya yanavyoitwa, inasema kweli kuhusu uwezo wa Mungu, ila waliikataa kwa sababu inaupotosha ujumbe wa Biblia.

Upotoshaji huo huonekana wazi katika aya ipendwayo kuliko nyingi, ile ya Yeremia 29:11 inayohusu mawazo mema ya Mungu kwa watu wake, ambayo hupambwa kwenye kalenda na kadi za mwaka mpya. Aya hiyo imo katika barua iliyopelekwa kwa watu waliohamishwa Babeli mwaka 597 K.K., na sentensi inayoitangulia inawaambia kwamba watakaa huko miaka 70, maana yake ni kwamba wengi wao wangezikwa ugenini. Aliyekuwa na ujumbe wa kufurahisha alikuwa nabii Hanania, ambaye katika sura ya 28 aliivunja nira ya mti shingoni mwa Yeremia na kuahidi mbele ya watu kwamba mateka wangerudi katika muda wa miaka 2. Yeremia aliitikia amina, kwa sababu naye aliutamani urejeo huo, lakini hakukubali kuyageuza matamanio kuwa neno la Mungu. Badala yake aliwaagiza wahamishwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na waolewe, na wauombee amani mji uliowateka. Hilo ndilo tumaini la Biblia: linaegemea uaminifu wa Mungu badala ya nguvu ya wazo la mwanadamu, na kwa hiyo linaweza kuukabili ukweli mchungu bila kuukana. Ndiyo sababu kitabu cha Zaburi kina maombolezo mengi, ikiwamo Zaburi ya 88 inayoishia gizani.

Hata saikolojia imegusa tofauti hiyo kati ya tumaini na njozi tamu. Mwaka 1991 Gabriele Oettingen na mwenzake walichapisha utafiti wa wanawake 25 waliokuwa katika mpango wa kupunguza uzito, ambapo waliotarajia kufaulu walipungua zaidi, ilhali waliojichorea picha tamu za mafanikio walipungua kidogo kuliko wenzao.

Kuhusu mali, Biblia haiwaonei wenye nacho. Waraka wa kwanza kwa Timotheo unawaonya matajiri wasiutumainie utajiri, na papo hapo unasema kwamba Mungu huwapa watu vitu wavifurahie. Paulo alipowaandikia Wafilipi juu ya furaha alikuwa kifungoni, na barua hiyo kwa sehemu ilikuwa shukrani kwa msaada waliompelekea. Aliupokea kwa moyo mweupe, akieleza kwamba amejifunza kuridhika katika kushiba na katika njaa. Aliyeuleta msaada, Epafrodito, aliugua karibu na kufa, na Paulo hakuitafuta kasoro katika imani wala mawazo ya mgonjwa, bali alikiri kwamba kifo chake kingemwongezea huzuni juu ya huzuni, kisha akaliomba kanisa limpokee kwa heshima na furaha yote.