Karaoke za Bangkok: Mgeni, ijue bei kabla ya kushika kipaza sauti

BANGKOK – Wafanyabiashara kutoka Afrika Mashariki si wageni tena katika mji huu. Wapo wanaofuata nguo za jumla katika soko la Pratunam, na wapo wa vito, kwani tangu wanunuzi wa Kithai walipofika Tunduru miaka ya 1990, mawe mengi ya Tanzania yamekatwa na kung'arishwa huku Thailand. Mchana kila mtu yuko mbioni. Tatizo ni usiku, ambapo hoteli inachosha na nje kila mtaa una taa za rangi zilizoandikwa "karaoke".

Wasomaji kadhaa, wa Ulaya, wa Ghuba na wa nyumbani, wametuuliza kuna nini humo ndani. Basi safari hii tuliamua kuzizungukia wenyewe, tukiwa watatu, kwa siku nne.

Kwanza tukumbushane asili yake. Karaoke si ya Kithai bali ni ya Kijapani. Mpiga muziki wa Kobe, Daisuke Inoue, alitengeneza mashine yake mwaka 1971 ili wateja waimbe bila bendi, na jina lenyewe lina maana ya okestra tupu. Wathai waliipokea wakaifanya yao, na leo utaikuta mjini na vijijini.

SI KARAOKE MOJA

Hapa ndipo wageni wengi wanapochanganyikiwa, maana neno ni moja lakini nyumba ni za aina nyingi.

Ya kwanza ni ya familia. Hizi ziko ndani ya maduka makubwa, pembeni ya sinema na michezo ya bowling. Unakodi chumba kwa saa, unaimba na watoto wako au wafanyakazi wenzako, unalipa na kuondoka. Bei imebandikwa ukutani. Hapa hakuna la kuogopa isipokuwa sauti yako mwenyewe.

Ya pili ni ya mtaani. Ni kibanda au mkahawa wa wazi, taa za rangi kama za Krismasi, na mashine inayomeza sarafu kwa kila wimbo. Wateja ni madereva wa teksi, mafundi ujenzi na wauza chakula. Wengi wametoka Isan, yaani mikoa 20 ya kaskazini-mashariki, ambako lugha ya watu inakaribiana sana na Kilao na ambako wengi huondoka kutafuta maisha Bangkok. Nyimbo zao ni za luk thung na mor lam, zinazozungumzia shamba, mapenzi na machungu ya kuwa mbali na kwenu. Mtu aliyeishi Muscat au Birmingham miaka kumi hahitaji mkalimani kuelewa uso wa anayeimba.

Ya tatu ni ya wahudumu wa kike, ambapo dada huja kukaa mezani, kukumiminia kinywaji na kuimba nawe. Mtaa wa Ratchada unajulikana kwa nyumba hizi, na Thaniya, karibu na Silom, kuna mabaa yaliyowalenga Wajapani, baadhi yakiwa hayampokei mgeni asiyejua Kijapani. Aina hii ndiyo inayomaliza pesa za watu.

MAUA YENYE NOTI

Tulianza na ya mtaani. Hakuna aliyetushangaa kwa zaidi ya dakika tano. Tulipewa daftari la nyimbo, kurasa kwa kurasa za herufi za Kithai, na mwishoni kurasa mbili za nyimbo za Kiingereza za miaka ya 1970. Mwenzetu mmoja aliimba moja hadi mwisho, na meza zote zikampigia makofi. Huo ndio utaratibu: kila anayeimba hupigiwa makofi, hata akiharibu, na kumcheka mtu mbele za watu ni kumvunjia heshima.

Katika nyumba kubwa zenye jukwaa tuliona jambo ambalo mtu wa pwani yetu atalitambua mara moja. Mteja akipendezwa na mwimbaji hununua shada la maua, mara nyingi lenye noti zilizobanwa, na kwenda kumvisha shingoni. Ni kutunza kama kwenye taarab, tofauti yake ni kwamba shada linauzwa na nyumba yenyewe na nyumba inachukua sehemu yake. Ukiletewa shada ambalo hukuliomba, jua kwamba lina bei.

Jina linalotajwa kwa heshima katika muziki huu ni la marehemu Pumpuang Duangjan, malkia wa luk thung, mtoto wa familia maskini ambaye alikuwa hajui kusoma vizuri na hivyo alijifunza mashairi kwa kusikiliza tu. Alifariki mwaka 1992 akiwa na umri wa miaka 30. Leo nyimbo zake zinapita kwenye runinga za karaoke, neno kwa neno.

BILI INAVYOJENGWA

Sasa tuje kwenye pesa. Katika nyumba za wahudumu, bili haijengwi na bia yako peke yake. Kuna chumba, kuna soda na barafu za kuchanganyia chupa ya whisky, kuna sahani ya matunda, na kuna kinywaji cha dada, ambacho huuzwa ghali kuliko chako kwa sababu sehemu ya bei hiyo ndiyo mapato yake. Kila kinachoagizwa huandikwa kwenye kikaratasi kinachowekwa ndani ya kikombe mezani.

Katika nyumba moja tuliyoingia, kikombe kilikuwa na vikaratasi vitatu vya vinywaji ambavyo hatukuviagiza. Hatukupandisha sauti. Tuliviweka mezani, tukamwita msimamizi, tukahesabu pamoja glasi moja moja, naye akavifuta huku akitabasamu. Wathai husema jai yen, yaani moyo uwe baridi. Mgeni anayefoka hukosa haki hata kama ana haki.

Kwa hiyo uliza bei ya kila kitu kabla ya kukaa, soma kila kikaratasi kinapowekwa, na usimfuate mpiga debe wa barabarani anayekuahidi bia rahisi ghorofani. Ukibanwa, namba ya polisi wa watalii ni 1155. Tembea na nakala ya pasipoti, kwani polisi hukagua wageni na wakati mwingine huwapima mkojo wateja wa mabaa kutafuta dawa za kulevya. Tena angalia mlango wa dharura uko wapi: moto wa klabu ya Santika usiku wa kuamkia Januari 1, 2009 uliua watu zaidi ya 60 hapa Bangkok, na ule wa Mountain B, mkoani Chonburi, Agosti 2022, uliua zaidi ya 20.

KWA DADA ZETU

Lipo jambo zito zaidi ya bili. Ukahaba ni kosa kwa sheria ya Thailand ya mwaka 1996, lakini kila mtu anajua kwamba baadhi ya karaoke ni kichaka cha biashara hiyo. Kwa miaka mingi wasichana kutoka Laos na Myanmar wameokolewa humo, na katika waliosafirishwa kwa hila kuletwa nchi hii wamo pia wanawake wa Afrika Mashariki, hasa Waganda, walioahidiwa kazi za hoteli au saluni.

Hila yenyewe ni ile ile. Wakala anakulipia tiketi, ukifika anachukua pasipoti, kisha anakutajia deni ambalo hulimalizi. Viza ya utalii si kibali cha kazi, na anayefanya kazi bila kibali anaweza kutozwa faini na kurudishwa kwao, ndiyo maana wengi huogopa kusema. Wasiogope. Sheria ya mwaka 2008 ya kupambana na biashara ya binadamu inamtambua aliyelaghaiwa kuwa mhanga anayestahili ulinzi, namba ya msaada ni 1300, na Kenya ina ubalozi hapa Bangkok.

Mzazi unayesoma haya ukiwa Kampala, Mombasa au Mwanza, binti yako akikuambia amepata kazi Thailand, omba uone mkataba, jina la mwajiri na kibali. Asipokuwa navyo, asipande ndege.