Kwa nini bei ya simu hubadilika ukivuka mpaka

Dereva anayetoka Mombasa na shehena ya Kigali huvuka mpaka Malaba, kisha Katuna. Kila anapovuka, laini yake hushikwa na mtandao mwingine, na gharama ya kuzungumza na tajiri wake inaweza kubadilika. Bei hiyo haipangwi na kampuni za simu peke yake. Sera za serikali nazo zina mkono wake.

Sera ndiyo iliyofungua mlango. Ukiritimba wa Telkom Kenya ulikwisha mwaka 2004, na ule wa TTCL ya Tanzania mwaka 2005. Kampuni nyingine zikapata nafasi ya kupitisha zenyewe simu za kimataifa. Septemba 2006, Celtel ikaunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania. Mteja aliyevuka mpaka alipiga simu kwa bei ya wenyeji, akapokea bure na kuongeza salio kwa vocha ya huko huko.

Baadaye baadhi ya serikali za ukanda huu ziliona simu zinazotoka nje kuwa ni chanzo cha mapato, zikaweka kiwango cha chini cha malipo kwa kila dakika inayoingia. Mwaka 2013 Tanzania ilianza kutumia mtambo maalumu wa kuhakiki mawasiliano hayo.

Hapo ndipo msafiri alipoumia. Ukimpigia dereva wa Kenya aliyeko Rwanda, simu hutoka Kenya kwenda Rwanda kama simu yoyote ya kimataifa, na wakati huo ilikutana na tozo hiyo. Lazima mtu ailipe. Tozo ikiwa kubwa, huduma ya kupokea bure haiwezekani tena.

Walanguzi nao wakapata upenyo. Walitumia mashine zenye laini nyingi kugeuza simu ya nje ionekane ni ya ndani. Tozo haikulipwa, na serikali ikakosa mapato iliyoyatarajia.

Mwaka 2014, Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zilikubaliana kuwa na eneo moja la mtandao. Tozo kwa simu za baina yao iondolewe, msafiri apokee bure, na kupiga kusizidi senti 10 za Marekani kwa dakika. Minara ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kanuni.

Kwa mfanyabiashara, somo liko wazi. Kabla gari halijaondoka, iulize kampuni yako ya simu mambo matatu: nchi unakokwenda imo katika mpango huo? Mtandao gani wa huko unashirikiana nao? Na intaneti inatozwaje, maana kikomo cha senti 10 kiliwekwa kwa ajili ya simu za sauti? Majibu hayo yaingie kwenye hesabu ya safari, pamoja na mafuta na ushuru wa barabara.