Mtoto Asiyeona Mbali

Mazungumzo yetu ya leo ni habari za macho. Yako maradhi ya macho yajulikanayo na kila mtu, kama macho mekundu na mtoto wa jicho. Lakini iko kasoro nyingine isiyo na maumivu wala usaha, nayo hukaa miaka mingi pasipo kutambulikana. Kasoro hiyo ni kutoona mbali.

Mtoto mwenye kasoro hii aweza kutunga uzi katika sindano, kushona wavu uliochanika, na kusoma kitabu akikishika karibu na uso. Lakini akisimama ufukoni hapa Mwanza, wenzake huhesabu mitumbwi irudiyo kutoka ziwani, naye huona weusi tu juu ya maji. Darasani huyaona maandishi ya ubao kama yaliyofunikwa na ukungu. Wala hajui ya kuwa ana upungufu, maana hajapata kuona kwa macho ya mtu mwingine. Basi mwalimu humwita mvivu, na baba humwita mzito wa akili, akaadhibiwa kwa kosa lisilo lake.

Sababu yake ni hii. Nuru ya kitu tukitazamacho huingia kwa mboni, ikapindwa, ikakutana juu ya utando ulio nyuma ya jicho. Hapo ndipo sura ya kitu huwa wazi. Kwa kawaida jicho la mtoto huyu limekua kwa urefu kupita kiasi. Nuru itokayo mbali hukutana kabla ya kuufikia utando, na ifikapo hapo imekwisha tawanyika tena. Johannes Kepler, mtaalamu wa nyota wa Ujerumani, alilieleza jambo hili mwaka 1604. Kioo chembamba katikati na kinene pembeni huitawanya nuru kidogo kabla ya kuingia jichoni, ili ikakutane mahali pake. Ndiyo kazi ya miwani. Haiponyi jicho, wala hailidhoofishi kama wasemavyo wengi.

Jambo hili si geni kwetu. Wataalamu waliwapima wanafunzi 2,511 wa shule za sekondari mjini Mwanza, na habari zao zikachapishwa mwaka 2002. Wanafunzi 154 walikuwa na kasoro kubwa ya namna hii, na wengi wao sana hawakuona mbali. Katika kila kumi wa hao, watatu tu walikuwa na miwani. Tena, habari za Dar es Salaam zilizochapishwa mwaka 2008 zaonyesha ya kuwa hata wanafunzi waliopewa miwani bure, baada ya miezi mitatu walioivaa hawakufika nusu. Basi fedha si kizuizi pekee. Mtoto achekwaye na wenzake huificha miwani mfukoni.

Dalili zake ni hizi: mtoto hufinya macho atazamapo mbali, husogelea ubao, hunakili daftari la jirani, au huumwa kichwa. Mwalimu aweza kumjaribu. Amsimamishe nyuma ya darasa, azibe jicho moja kwa kiganja pasipo kulibonyeza, asome herufi za ubaoni. Kisha jicho la pili. Akishindwa pale wenzake wanapoweza, akalishwe mbele, na mzazi ampeleke hospitali yenye mtaalamu wa macho, kama ile ya Bugando. Apimwe tena kila mwaka, kwa kuwa jicho hukua pamoja na mwili.

Msimtie dawa za majani machoni. Hakuna dawa ya majani iwezayo kulifupisha jicho, bali ziko ziwezazo kulipofusha. Na mkiona weupe ndani ya mboni ya mtoto, au makengeza, msingoje hata kidogo. Mpelekeni hospitali upesi.

Je, iko kinga? Wataalamu wameona ya kuwa watoto wakaao nje katika nuru ya mchana, yapata saa mbili kila siku, hawapatwi upesi na kasoro hii. Basi mtoto asikatazwe kusoma, lakini baada ya kitabu aende akacheze uwanjani.

Walimu wenzangu, kabla ya kumwita mtoto mjinga, tumwulize kwanza kama auona ubao.