Lipu, Damu na Chuma cha Mguuni

Fundi wa Munanila, kule Kigoma, anayepiga lipu nyumba ya tofali za kuchoma hahitaji kuelezwa kwa nini lipu hubanduka kwenye ukuta laini. Kabla ya kurusha saruji hukwangua maungio ya tofali yabaki na vijifereji, na nguzo ya zege huidonoa kwa patasi. Picha hiyo ndiyo inayomjia mtu upesi akisikia kwamba kipandikizi cha titani chenye uso wa mikwaruzo hushikana na mfupa kuliko kilichong'arishwa. Ni picha nzuri, ila inapotosha pale penye uzito hasa. Lipu hushika ukuta mara inapokauka, basi. Mfupa ni kitu hai, na kabla haujafika kwenye chuma, damu imeshafika.

Mwaka 1952 Mswidi Per-Ingvar Brånemark alipachika vyombo vidogo vya titani kwenye miguu ya sungura ili atazame damu inavyopita mfupani. Alipotaka kuvitoa vikagoma. Mfupa ulikuwa umevikumbatia. Mwaka 1965 alimpandikizia Gösta Larsson skrubu za titani tayani ili zibebe meno ya bandia, nazo zikadumu mpaka mzee huyo alipofariki mwaka 2006. Skrubu zile zilitoka kwenye mashine zikiwa karibu laini. Kwa hiyo mtu ana haki ya kuuliza: mikwaruzo ya nini tena? Jibu liko kwenye muda. Skrubu laini zilingojewa miezi mitatu hadi sita kabla ya kubebeshwa jino; zile zilizopigwa mchanga kisha zikaunguzwa kwa asidi huweza kubebeshwa baada ya wiki sita hadi nane. Dakika za mwanzo damu huganda juu ya chuma na kusuka wavu wa nyuzi za fibrini. Seli zijengazo mfupa hutambaa juu ya nyuzi hizo, na zinapotambaa huzivuta. Uso ukiwa laini, wavu hung'oka na seli hukwama njiani, hivyo mfupa huanza kujengwa kutoka ukingoni mwa jeraha. Uso wenye vishimo huushikilia wavu. Seli hufika, na mfupa huanza kujengwa palepale juu ya titani. Na hapa mfano wa fundi unakufa kabisa, kwa sababu ukwaruzo unaofaa ni wa wastani wa mikromita moja hadi mbili, ilhali unywele mmoja una unene wa mikromita 70 hivi. Ukizidisha hapo, mfupa haushiki zaidi.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba uso unaoshika damu hushika na bakteria. Wana hoja: fizi ikishuka, sehemu ya mikwaruzo iliyobaki wazi hukusanya utando wa vijidudu usiosafishika kirahisi, na ndiyo maana baadhi ya vipandikizi vya meno huachiwa shingo laini. Pingamizi jingine ni la kwetu zaidi. Kijana aliyevunjika paja kwa bodaboda kwenye miteremko ya Kasulu huenda akawekewa ndani ya mfupa chuma cha SIGN, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1999, ambalo vyuma vyake hutumika pia katika taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili. Hicho si titani. Ni chuma kisichoshika kutu, tena laini. Je, maskini kapewa cha chini? Kwa paja, hapana. Chuma hicho kazi yake ni kunyoosha na kutuliza mfupa wakati mfupa mpya ukijizungushia palipovunjika, na huenda siku moja kikahitaji kutolewa. Mfupa ukikishika kama ulivyoshika vyombo vya Brånemark, daktari atahangaika kukichomoa. Ubora wake uko kwingine: kimeundwa kwa ajili ya chumba cha upasuaji kisicho na eksirei ya kutazama ndani papo hapo, hivyo daktari hupapasa kwa kifaa maalumu ndani ya mfupa mpaka akihisi tundu la chuma, ndipo apitishe skrubu.