Ukuta, Msako na Basi la Mandera

Ukizungumza na Wakenya kuhusu ugaidi unaotoka Somalia, swali la kwanza karibu kila mara ni lile lile: kwa nini serikali isifunge mpaka na kuwarudisha wakimbizi kwao, mambo yakaisha? Huliuliza wasomi, na wabunge pia. Jibu linagusa kazi ya mpaka, ya jeshi na ya ujasusi, kila moja kwa zamu yake. Naanza na mpaka, maana ndipo upuuzi ulipojikita.

Mpaka huo una urefu wa kilomita 680 hivi. Mwaka 2015 Kenya ilianza kujenga ukuta upande wa Mandera. Ukuta ukageuka uzio wa seng'enge, na mwaka 2019, baada ya kilomita 10 hivi, Bunge likapitisha hoja ya kuusimamisha. Haya, tuseme ungekamilika. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi wa Al-Shabaab, kundi la Somalia, walivamia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148. Mmoja wa wavamizi alikuwa Mkenya aliyesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Ukuta ungemzuia vipi mwenye kitambulisho cha taifa? Tena baba yake, chifu wa serikali huko Mandera, alikuwa ameshawaarifu wakubwa kwamba kijana ametoweka, na kwamba anahofia ameingia Somalia. Habari ilikuwepo. Ilitoka kwa Mkenya wa asili ya Kisomali, mzazi aliyemtaja mwanawe mwenyewe.

Jeshi nalo lina kazi yake. Lilivuka mpaka Oktoba 2011 katika operesheni Linda Nchi, na mwaka uliofuata Al-Shabaab wakapoteza Kismayu, bandari iliyowaingizia pesa za makaa. Hilo si dogo. Lakini kikosi kilichoko Kismayu hakiwezi kujua nani amepanga chumba Nairobi. Mwenye nyumba ndiye anayejua. Ndiyo maana msako wa Aprili 2014, ulioitwa Usalama Watch, unanikera hadi leo. Polisi waliingia Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, wakazoa maelfu ya watu, wakawafungia wengi wao uwanja wa Kasarani, na wenye vitambulisho halali wakalazimika kutoa hongo ili waachiwe. Miezi miwili baadaye mji wa Mpeketoni, huko Pwani, ukashambuliwa. Anayedhani watu husahau haya aende Wajir awaulize wazee kuhusu Wagalla, ambako mwaka 1984 wanaume walikusanywa katika kiwanja cha ndege na wengi wakauawa na vyombo vya dola. Jamii iliyoadhibiwa kwa ujumla hujifunza kukaa mbali na kituo cha polisi, hata inapokuwa na la kusema.

Na bado, tazama basi la Mandera. Novemba 2014 Al-Shabaab walisimamisha basi karibu na mji huo, wakawatenga wasio Waislamu, wakaua watu 28. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2015, wakasimamisha jingine karibu na El Wak, wakataka abiria wagawanyike vilevile. Safari hii Waislamu walikataa. Wanawake walikuwa wamewapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike. Abiria wakawaambia wauaji: tuueni sote au mtuache. Watu wawili waliuawa katika shambulio hilo, na mwalimu mmoja Mwislamu aliyepigwa risasi kwa kukataa kutengwa alifariki mwezi uliofuata. Wauaji waliondoka bila kupata mgawanyo walioutaka. Hao abiria, wengi wao Wasomali, ni wa jamii ile ile iliyozolewa Eastleigh.

Kwa hiyo ujasusi hauanzii kwenye mitambo. Unaanza pale mzazi anapoona kupiga ripoti hakutamwangamiza mwanawe. Baada ya Garissa serikali ilitangaza msamaha wa siku 10 kwa vijana waliorudi kutoka Somalia. Wazo lilikuwa jema, lakini halikuwa na sheria ya kuliegemea, na mashirika ya haki za binadamu yalikuwa yameshaandika habari za washukiwa waliouawa au kutoweka mikononi mwa polisi, hasa Pwani na kaskazini mashariki. Mama wa mtaa kama Likoni au Majengo anayetaka mwanawe arudi anahitaji kujua ni ofisi ipi itampokea, chini ya sheria gani, na wakili wake ataruhusiwa kumwona lini.