Usalama wa Upashaji Joto katika Vizimba vya Mbao vya Kufugia Chatu Majumbani

1.0 Utangulizi

Ufugaji wa nyoka majumbani umeenea zaidi Uingereza, Marekani na Ujerumani kuliko barani Afrika, ingawa mmoja wa nyoka wanaofugwa sana huko asili yake ni Afrika. Nyoka huyo ni Python regius, chatu mdogo apatikanaye kuanzia Senegali hadi Uganda, ambaye kwa miaka mingi amesafirishwa kutoka Togo, Benin na Ghana kwenda kwenye masoko ya ng'ambo. Kwao, chatu huyu hujipimia joto mwenyewe: huota jua, hujificha kivulini, au huingia katika mashimo ya panya na vichuguu. Katika nyumba ya London ambayo chumba chake kina nyuzi 20 za Selsiasi, uwezo huo haumsaidii kitu iwapo mfugaji hakumwekea mahali penye joto na mahali penye ubaridi.

Kizimba chake huhitaji upande mmoja wenye takriban nyuzi 32 na mwingine wenye nyuzi 25 hivi. Joto likipungua mno, mmeng'enyo wa chakula huzorota, nyoka hutapika mawindo aliyokwisha kuyameza, na mapafu huwa rahisi kushambuliwa na maradhi. Likizidi, huungua au hufa. Wafugaji wengi hujitengenezea vizimba kwa plaiwudi au mbao za vumbi zilizogandishwa, kwa kuwa vya dukani ni ghali. Makala haya yanafafanua namna joto linavyotenda kazi ndani ya vizimba hivyo, ambamo umeme na mbao zinazoweza kuwaka hukutana na mnyama asiyeweza kujitoa.

2.0 Mbao na Upotevu wa Joto

Husemwa mara kwa mara kwamba mbao huhifadhi joto kuliko kioo. Kauli hiyo ni kweli, lakini imekuzwa kupita kiasi. Tuchukulie kizimba chenye urefu wa mita 1.2, kina cha mita 0.6 na kimo cha mita 0.6. Eneo lake lote ni mita za mraba 3.6, na kati ya hizo 0.72 ni milango ya kioo ya mbele. Plaiwudi ya milimita 18, pamoja na tabaka la hewa tulivu linaloganda kila upande wake, hupoteza takriban wati 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi 1 ya tofauti kati ya ndani na nje. Kioo cha milimita 4 hupoteza takriban wati 3.8. Kwa hesabu hiyo, kizimba kizima hupoteza kama wati 10 kwa kila nyuzi 1. Kama kingekuwa cha kioo pande zote, kingepoteza kama wati 14. Tofauti ipo, lakini si kubwa kama inavyodhaniwa. Faida kubwa zaidi ya kizimba cha mbao ni paa lake lililofungwa, kwani matangi mengi ya kioo hufunikwa kwa wavu wa waya, na hewa yenye joto hupanda ikatoka.

Hesabu hiyo ndogo ina manufaa mengine. Iwapo wastani wa joto unaotakiwa ndani ni nyuzi 27 na chumba kina nyuzi 20, zinahitajika wati 70 pamoja na ziada kidogo kwa hewa inayopita kwenye matundu. Chumba kikishuka hadi nyuzi 14 usiku wa baridi, mahitaji hupanda hadi wati 130. Ni dhahiri basi kwamba mkeka wa joto wa wati 20 hauwezi kupasha hewa ya kizimba cha ukubwa huo, hata uachwe ukiwaka usiku na mchana.

3.0 Vipashajoto na Mahali pa Kuviweka

Mkeka wa joto uliotengenezwa kwa ajili ya tangi la kioo hubandikwa chini yake, kwa nje. Mfugaji anayeiga utaratibu huo kwenye kizimba cha mbao hukosea kwa namna mbili. Kwanza, mbao huzuia joto lisimfikie nyoka. Pili, joto lililozuiliwa hulundikana kati ya mkeka na ubao, mahali pasipoonekana. Mbao zinazopashwa joto kali kwa miezi mingi hukauka, hugeuka nyeusi, na hatimaye zinaweza kushika moto katika kiwango cha joto ambacho ubao mpya ungekistahimili. Kwa hiyo mkeka, ukitumika, huwekwa ndani, chini ya tabaka jembamba la matandiko au ukutani, na usizidi theluthi moja ya sakafu ili nyoka awe na pa kukimbilia.

Kwa kizimba kikubwa, kifaa kifaacho zaidi ni kipashajoto cha kauri au taa ya haloji inayofungwa darini. Kauri haitoi mwanga, kwa hiyo hutumika hata usiku, lakini uso wake waweza kuzidi nyuzi 200. Kishikio chake sharti kiwe cha kauri, kwani cha plastiki huyeyuka, na waya wake uwe ule unaostahimili joto. Sehemu ya dari iliyo juu yake hukingwa kwa bati lililoachiwa nafasi ya hewa kati yake na ubao. Bati lililopigiliwa moja kwa moja kwenye ubao hupitisha joto tu na kumpa mtengenezaji matumaini ya bure.

Kifaa chochote kilichomo ndani huzungushiwa kizuizi cha waya chenye matundu ambayo kichwa cha nyoka hakipenyi. Wapo wanaoona kizuizi hicho ni anasa, kwa hoja kwamba mnyama ataondoka mwenyewe akihisi maumivu. Madaktari wa mifugo huwatibu nyoka wengi wanaoipinga hoja hiyo kwa ngozi zao. Ajabu ni kwamba chatu, mwenye vishimo mdomoni vinavyohisi joto la panya gizani, huweza kujizungusha kwenye taa inayowaka na kubaki hapo hadi magamba yaungue.

4.0 Themostati na Uwezekano wa Kushindwa Kwake

Themostati huchaguliwa kulingana na kifaa: ya kuwasha na kuzima hutosha kwa mkeka, ya kupunguza mwanga hufaa taa, na ya mapigo hufaa kauri. Kihisio chake hufungwa imara upande wenye joto. Kikining'inia ovyo, nyoka hukisukuma hadi upande wa baridi au ndani ya bakuli la maji, nacho huarifu kwamba kizimba kimepoa, na kipashajoto huendelea kuwaka bila kikomo.

Hata kikifungwa vizuri, swichi ya ndani ya themostati huweza kuganda ikiwa imewaka. Hapa ndipo hesabu ya sehemu ya 2.0 inapoamua uhai wa mnyama. Kipashajoto cha wati 100 kisichodhibitiwa, katika chumba cha nyuzi 20, kitaufikisha wastani wa kizimba kwenye nyuzi 30 hivi; nyoka atasogea upande wa baridi na kusalimika. Cha wati 250 kitaufikisha nyuzi 45, na hakuna pembe ya kizimba itakayomwokoa. Hivyo basi, kununua kifaa chenye nguvu kupita mahitaji kwa kisingizio kwamba themostati italizuia joto ni kumwachia kifaa kimoja dhamana yote. Hata wati 100 si salama chumba chenyewe kikiwa na joto: mnamo Julai 2022 Uingereza ilipata zaidi ya nyuzi 40 kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu zake. Kwa sababu hiyo hupendekezwa themostati ya pili, inayojitegemea, iliyowekwa nyuzi chache juu ya ile ya kwanza, ambayo kazi yake ni kukata umeme tu.

Fyuzi nayo isisahaulike. Plagi ya pini tatu itumikayo Uingereza, na pia Kenya, Uganda na Tanzania, mara nyingi huuzwa ikiwa na fyuzi ya ampea 13, ilhali ya ampea 3 hutosha kwa vifaa vyote vilivyotajwa.

5.0 Majaribio Kabla ya Kumwingiza Nyoka

Vanishi huachwa ikauke kabisa, kizimba kikiwa wazi, hadi harufu yake iishe. Kupasha joto vanishi mbichi hutoa mvuke unaodhuru mapafu. Baada ya hapo kizimba huwashwa kikiwa kitupu kwa siku kadhaa, usiku na mchana, vipimajoto viwili vikiwa vimewekwa sakafuni pande zote mbili na cha tatu kwenye ubao wa dari juu ya kipashajoto. Ubao huo ukiwa moto kiasi cha kutoshikika kwa mkono, au ukianza kubadilika rangi, kipashajoto huteremshwa au nafasi ya hewa nyuma ya bati huongezwa, kisha jaribio hurudiwa tangu mwanzo.